Furushi tulilolikata

Ukiwauliza wahadhiri wa chuo chetu pesa ya maktaba huishia wapi, wengi watakwambia vitabu. Ukimuuliza mwanachuo atakwambia hajui, ila anachojua ni kwamba viti havitoshi na soketi za ghorofa ya pili hazina umeme. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya fungu letu la ununuzi huenda kwenye kitu kisichoshikika, kisichopangwa rafuni, na ambacho siku tukiacha kulipa kinatoweka. Nazungumzia majarida ya kitaaluma ya kielektroniki, na mimi ndiye mkutubi wake. Kabla ya hapo nilikaa dawati la huduma miaka mingi, nikigonga mihuri ya tarehe na kugombana na watoto wa watu kuhusu chapati zilizofichwa kwenye begi, kwa hiyo maktaba hii nimeiona kwa mbele na kwa nyuma.

Nilipoanza kazi, majarida yalikuwa karatasi. Pita siku moja kwenye rafu za majarida yaliyojalidiwa katika maktaba zetu za vyuo vya zamani, utasoma historia ya uchumi kwa kutazama mapengo tu. Juzuu za miaka ya 70 zimefuatana vizuri. Ukifika miaka ya 80, pesa za kigeni zilipoadimika, rafu inakatika. Mengine yalirudi baadaye kwa msaada wa wafadhili, mengine hayakurudi tena. Lakini juzuu ya 1974 bado ipo. Ina vumbi, ina kurasa zilizokatwa kwa wembe na mtu aliyeogopa foleni ya kutoa kopi, ila ipo, na hakuna aliyeko ng'ambo anayeweza kuizima kwa kubonyeza kitufe.

Kwenye upande wa kielektroniki tulianza kwa ukarimu wa watu. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walizindua HINARI, majarida ya tiba kwa nchi maskini. Mwaka uliofuata FAO wakaja na AGORA ya kilimo, 2006 ikaja OARE ya mazingira, 2009 ARDI ya teknolojia, 2018 GOALI ya sheria, na zote leo ziko chini ya mwavuli mmoja wa Research4Life. Tanzania iko Kundi A, yaani hailipi. Sambamba na hayo, shirika la INASP la Uingereza lilikuwa likitujadilia bei na kutufundisha kazi, mpaka programu yake kubwa ilipofika tamati 2013 na vyuo, kupitia COTUL, umoja wa maktaba zetu, vikabaki na jukumu la kujichangia.

Sasa mtu atauliza: kama tuko Kundi A, mnalipia nini tena? Bursa wetu, msimamizi wa fedha za chuo, huniuliza hivyo kila mwaka, kwa sauti ile ile, akiwa amevua miwani. Jibu langu ni kwamba si kila mchapishaji yumo, na waliomo hawalazimiki kuweka kila walicho nacho. Halafu ukarimu una mwenyewe. Mwaka 2011 wachapishaji kadhaa waliyaondoa majarida zaidi ya 2,500 kwa watumiaji wa Bangladesh ndani ya HINARI, hoja ikiwa kwamba sasa huko kuna soko la kuuzia. Ilibidi kelele zipigwe duniani ndipo wakarudisha. Kwa hiyo Julai 2020, Benki ya Dunia ilipoitangaza Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini na watu wakashangilia, mimi nilikwenda moja kwa moja kusoma masharti ya Kundi A. Bado tumo, ila tabia ya kwenda kuangalia imenibaki.

Kuhusu bei yenyewe, nimechoka kusikia kwamba "kila kitu kimepanda". Nyanya zikipanda, mama ntilie hununua chache, au hupika mchuzi wa nazi maisha yakaendelea. Makala kuhusu sotoka ya mbuzi iliyotoka jarida hili haipo jarida lile. Kila jarida ni duka pekee la bidhaa yake. Anayeamua kwamba ni la lazima ni mhadhiri, anayelipa ni maktaba, na hao wawili hukutana labda siku ya kusaini fomu ya klearansi. Aliyeandika makala halipwi na mchapishaji. Aliyeihakiki halipwi pia. Mishahara yao wote wawili inatoka chuoni, kisha chuo kinanunua kazi yao kwa dola. Mchapishaji wa Uingereza, Robert Maxwell, aliliona jambo hili mapema, akaikuza Pergamon Press tangu 1951 kwa kuanzisha majarida mapya mfululizo, na alipoiuza kwa Elsevier mwaka 1991 bei ilikuwa pauni milioni 440. Kitengo cha sayansi cha kampuni mama ya Elsevier kilipata faida ya uendeshaji ya karibu asilimia 38 ya mapato yake mwaka 2023. Sijui biashara ya nyanya yenye faida hiyo.

Wala si kilio cha maskini peke yao. Aprili 2012 baraza la wahadhiri linaloishauri maktaba ya Harvard liliwaandikia wenzao kwamba majarida yanakula karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, kwamba kuna jarida linalofika dola 40,000, na kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha California kiligoma kabisa kuhuisha mkataba wake na Elsevier, kikakaa nje zaidi ya miaka miwili mpaka Machi 2021 walipokubaliana upya. Nilizichapa habari zote mbili na kuziweka kwenye faili. Siku ya kikao, Harvard hubisha hodi kwa niaba yangu mahali ambapo mimi nisingefunguliwa.

Kinachotuumiza sisi kuliko wao ni sarafu na kalenda. Bajeti yetu ni ya shilingi, ankara ni ya dola. Chukua ankara ya dola 50,000. Katikati ya 2022, dola ikiwa kwenye shilingi 2,330 hivi, hiyo ilikuwa kama milioni 117. Mwaka 2024 dola ilipofika 2,700, ankara ile ile ikawa milioni 135. Tofauti ya milioni 18, bila hata makala moja ya ziada. Mwisho wa mwaka ule shilingi ikapata nguvu ghafla, dola ikashuka hadi karibu 2,400, sisi tukiwa tumeshalipa. Ongeza nyongeza ya kila mwaka inayowekwa ndani ya mkataba, mara nyingi asilimia 3 hadi 5. Asilimia 5 inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila kwa miaka 14 bei imejirudia mara mbili.

Kalenda nayo: mwaka wetu wa fedha unaanza Julai, usajili wa majarida unaanza Januari. Ankara inafika Oktoba au Novemba, fungu la robo ya pili halijaingia, halafu kuna kodi ya zuio ambayo mchapishaji hataki kuisikia kwa sababu anataka dola zake zifike kamili. Januari inapita kwa hisani. Februari majarida yanafungwa, na simu zinaanza. Mwaka mmoja tulilipa mapema kabisa na bado yakafungwa. Tulihangaika hadi tukagundua kwamba chuo kilikuwa kimebadilisha kampuni ya intaneti, anwani zetu za IP, ambazo ndizo mchapishaji hututambua kwazo, zikabadilika, na hakuna aliyekumbuka kuiambia maktaba. Kwa mchapishaji tulikuwa tumegeuka wageni.

Katika hali hiyo ndipo nilipoanza kulichunguza furushi letu kubwa. Furushi ni mtindo ulioanza katikati ya miaka ya 90: badala ya kuuziwa jarida moja moja, unauziwa mamia kwa mkupuo, kwa bei inayoonekana nafuu ukiigawa kwa idadi. Hesabu hiyo ndiyo mtego. Mimi niligawa kwa matumizi. Wachapishaji wanaofuata COUNTER, kanuni za kuhesabu matumizi, hutoa ripoti za makala zilizofunguliwa, jarida kwa jarida, mwezi kwa mwezi, na ukishazizoea unazisoma kama mhasibu anavyosoma daftari la duka. Kundi dogo la majarida ndilo lililobeba matumizi karibu yote. Mamia hayakufunguliwa hata mara moja mwaka mzima, mengine yakiwa ya mambo ambayo chuo chetu hakifundishi wala hakina mpango wa kufundisha. Tulikuwa tunalipia majarida ya upasuaji wa urembo.

Kuna ripoti nyingine ambayo wenzangu wengi hawaifungui, nayo ndiyo niipendayo zaidi: ya waliokataliwa. Inaonyesha majarida ambayo watu wetu walijaribu kuyafungua wakakuta mlango umefungwa. Baadhi yaligongwa mara nyingi kuliko mengi tuliyokuwa tukiyalipia. Kisha nikaangalia, katika yale yaliyotumika sana, ni makala ngapi tayari ziko wazi kwa kila mtu, na ni majarida gani tunayapata bure kwa Research4Life. Zilikuwa nyingi kiasi cha kuniudhi.

Nikapeleka pendekezo kwenye kamati ya maktaba: tuliache furushi, tubaki na majarida machache kwa kuchagua kupitia bei za pamoja za COTUL, na pesa inayobaki iende kwenye huduma. Chumba kilikaa kimya, kisha profesa mmoja ninayemheshimu sana akaniangalia juu ya miwani.

"Dada, kwa hiyo umekuja kuifunga idara yangu?"

"Shikamoo kwanza, Prof."

"Marahaba. Jibu swali."

Nikamwonyesha jarida aliloliwekea nyota tatu kwenye orodha ya idara yake. Lilikuwa limefunguliwa mara chache sana, na ripoti haisemi ni nani aliyelifungua. Akaitazama ile namba, akacheka peke yake. "Basi ni mimi," alisema. Hakukubali pendekezo siku ile, ila aliacha kulipinga, na kwa vikao vyetu huo ni ushindi.

Jambo moja nitamwambia mkutubi yeyote anayefikiria kufanya hivi: kabla hujakata chochote, hakikisha muhtasari wa kikao unasema kwa maandishi kwamba pesa itakayookolewa inabaki kwenye fungu la maktaba. Bila sentensi hiyo, pesa yako itatengeneza barabara ya kuelekea utawala. Mimi niliisomesha sentensi ile mara mbili na nikaomba irekodiwe jina la aliyeiunga mkono. Hata hivyo sehemu yake ilimegwa. Sitasema na nani.

Iliyobaki tuliifanyia mambo ambayo hayana mvuto kwenye ripoti ya mwaka. Tuliajiri vijana wawili kwa mkataba na kuwakalisha kwenye dawati la kutafuta makala. Mhadhiri au mwanafunzi wa uzamili anatuma jina la makala kwa WhatsApp, wao wanaitafuta: kwanza toleo lililo wazi kisheria, kisha Research4Life, kisha hazina za kidijitali za vyuo vingine, kisha wanamwandikia mwandishi mwenyewe. Hii ya mwisho hushangaza watu. Waandishi hujibu, tena kwa furaha, kwa sababu kuna mtu Tanzania anayetaka kuwasoma. Ikishindikana kabisa, tunanunua makala moja, dola 30 au 40. Kwenye karatasi ni bei ya kutisha kwa kurasa kumi, lakini kwa mahitaji tuliyo nayo, haijawahi kukaribia gharama ya furushi. Na ndiyo, najua wanafunzi wengi hupitia Sci-Hub, tovuti inayotoa makala bila idhini ya wachapishaji, kabla ya kufika kwetu. Sifundishi njia hiyo wala siendi kuwavizia kwenye kompyuta. Ninachojiuliza ni kwa nini njia yetu halali iwe na hatua saba na ile iwe na moja. Tumepunguza hatua zetu mpaka mbili.

Tuliweka pia betri na inveta kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili. Hapo ndipo nilipoelewa watu wanaita kitu gani maktaba. Hakuna aliyewahi kunishukuru kwa majarida, lakini wiki ya mitihani ya UE umeme ulipokatika na taa za juu zikabaki zinawaka, ukumbi mzima ulipiga makofi, na waliokuwa kwenye vimbweta nje wakaingia na madesa yao wakakaa hata sakafuni. Wengi wao hawagusi kitabu chetu hata kimoja. Wanakuja na nondo zao, wanataka meza, mwanga, utulivu na mahali pa kuchaji simu. Zamani jambo hili lilinikera. Siku hizi naona kwamba anayetoka kwenye chumba cha watu sita hosteli ana shida halisi kuliko anayetaka toleo la Machi la jarida fulani.

Kuhusu makusanyo, mshangao ulitoka chini ya ghorofa. Tasnifu za wanafunzi wetu wa zamani zilikuwa zimerundikwa kwenye chumba cha chini, mchwa wakizifanyia uhakiki wao. Tukaanza kuzipiga skani na kuziweka kwenye hazina ya chuo, inayoendeshwa kwa DSpace, programu isiyo na ada ya leseni. Kinachofunguliwa kuliko vyote humo ni mitihani ya nyuma, hilo halikunishangaza. Zinazofuata ni tasnifu kuhusu wilaya za hapa hapa: visima, ufuta, mikopo ya vikundi vya akina mama. Makala za namna hiyo hazipo kwenye furushi lolote la ng'ambo. Idara ya Kiswahili nayo huniletea orodha ambayo hakuna wakala anayeweza kuijaza. Wanataka *Mulika* za zamani, wanataka jarida la *Kiswahili*, mwanahistoria mmoja anataka *Tanganyika Notes and Records* tangu 1936. Kwa hayo huwa nampigia mwenzangu wa Dar es Salaam, anaingia rafuni mwenyewe, ananitumia picha ya yaliyomo kwanza ili nimwambie anachotaka mtu wangu ni ukurasa gani. Kwa majarida ya Kiafrika yanayotoka sasa, AJOL, jukwaa la mtandaoni lililoanza 1998 na ambalo leo liko Afrika Kusini, limetusaidia, na ningependa wahadhiri wetu walitumie kwa kusoma nusu ya wanavyolitumia kwa kutafuta pa kuchapisha.

Maana sasa mzigo umehama bega. Zamani tulilipa ili kusoma, siku hizi mtu anatakiwa alipe ili asomwe. *Nature* walipofungua mlango wa kuchapisha kwa uwazi mwaka 2021, ada ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Kwa watu wetu ada za kawaida ni ndogo kuliko hizo, lakini bado ni mshahara wa miezi. Mhadhiri mmoja kijana wa mifugo alinijia akiwa na barua ya kukubaliwa na ankara ya dola zaidi ya 3,000. Alikuwa ameshachukua fomu ya mkopo wa SACCOS.

"Mama, nina siku kumi na nne."

"Umeomba msamaha wa ada?"

"Wamesema jarida hili halimo."

Ni kweli. Kwa majarida yaliyo wazi kabisa, wachapishaji wengi huwasamehe waandishi wa nchi za Kundi A, ila mara nyingi inabidi uombe unapowasilisha makala, si baada ya kukubaliwa. Yale ya mseto, yanayouza usajili na wakati huo huo kuuza uwazi, kwa kawaida hayamo kwenye msamaha. Lakini jarida la mseto halikulazimishi kulipa. Unachagua njia ya kawaida, makala inatoka imefungwa bila ada, kisha nakala yako iliyokubaliwa, ile ya Word kabla hawajaipamba, unaiweka kwenye hazina ya chuo muda ambao mchapishaji anakuzuia kuiweka wazi ukiisha. Alikuwa hajui kwamba kile kisanduku cha pili kwenye fomu yao mtu anaruhusiwa kukiweka tiki. Fomu ya SACCOS aliichana pale pale, akaniachia vipande juu ya meza. Tangu siku ile nimeomba ofisi ya utafiti isipeleke kwa Bursa ankara yoyote ya kuchapisha kabla haijapita kwangu.

Yule mchapishaji wa furushi amerudi mwaka huu. Barua yake ni tamu, bei imeshuka vizuri, mkataba wa miaka mitatu, nyongeza asilimia 4. Nimejibu kwa madai manne: bei itajwe kwa shilingi, au iwekwe kikomo cha badiliko la dola tutakalobeba, miaka tuliyolipia ibaki yetu hata tukiondoka, turuhusiwe kumtumia makala mkutubi mwenzetu anapoomba, na kifungu cha kuficha bei kifutwe, ili vyuo vya COTUL tuweze kuambiana nani anatozwa kiasi gani. La pili wamekubali, la tatu wanalichunguza, la nne wameliita "sera ya kampuni". Kuhusu shilingi bado wananyamaza. Nimewaambia hatuna haraka. Jumanne nina kikao na Idara ya Kemia, ambao orodha yao ya majarida ya lazima ina kurasa nne.